JIFUNZE: TANGI LA SAMAKI LINALOJISAFISHA

Samaki wengi wa tangini hufa mapema kwa sababu maji hayakuwa tayari kuwapokea. Uchafu wao hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria huigeuza kuwa naitreti, ambayo ni mbolea ya mimea. Bakteria hao huhitaji takriban wiki 4 hadi 6 kuongezeka, kwa hivyo samaki aingie mwisho.

1. Tandaza tope la kidimbwi, kisha mchanga uliooshwa juu yake.
2. Mimina maji ya mfereji yaliyokaa wazi kwa siku moja ili klorini ipungue.
3. Panda mimea ya majini. Weka tangi penye mwanga, si kwenye jua kali.
4. Tia minyoo wembamba wa topeni. Hao hula mabaki yanayooza.
5. Funika kwa wavu ili mbu wasitage humo.

Tahadhari: Vaa glavu na gambuti unapochota tope, na usichukue konokono. Baadhi yao hueneza kichocho. Mtoto asiingie kidimbwini.

Baadaye, maji yakianza kunuka, punguza chakula cha samaki. Minyoo wamelemewa na kazi.