Kabla ya Kujibu Utafiti wa Mazingira, Lielewe Swali

Ng'ombe ana bei sokoni. Malisho ya Kotile, msitu wa kando ya Mto Tana na hirola wa hifadhi ya jamii ya Ishaqbini havina bei. Watafiti wanaotaka kujua thamani yake huwauliza wakazi, na jibu hubadilika kulingana na swali. Takwimu hizo zinaweza kutumiwa kupanga fidia au kuamua kuhusu mradi, kwa hivyo zingatia yafuatayo.

Kulipa au kulipwa? Mfugaji aliyepoteza mifugo kwa ukame akiulizwa atachanga pesa ngapi kulinda malisho, atataja kiasi kidogo kwa sababu mfuko ni mtupu. Akiulizwa alipwe ngapi ndipo ayaachilie, atataja kiasi kikubwa zaidi. Malisho ni yale yale.

Pesa au kazi? Asiye na shilingi anaweza kutoa siku mbili za kazi kila mwezi. Fomu inayouliza pesa pekee itamwandikia sufuri.

Nani aliulizwa, na lini? Akihojiwa baba wa boma peke yake, mama anayeteka maji na kutafuta kuni hahesabiwi. Utafiti ukifanywa wakati wafugaji wamehama na mifugo, sauti yao hukosekana.

Mwaka 1989 meli ya Exxon Valdez ilimwaga mafuta baharini Alaska, Marekani. Watafiti waliziuliza familia za nchi hiyo zingelipa kiasi gani kuzuia ajali nyingine kama hiyo, na hasara ikakadiriwa kuwa angalau dola bilioni 2.8. Ubishi ulizuka kuhusu mbinu hiyo. Mwaka 1993 jopo la wataalamu, likiongozwa na wanauchumi Kenneth Arrow na Robert Solow, lilipendekeza mahojiano ya ana kwa ana, maelezo kamili kabla ya swali, na jibu la ndiyo au la kwa kiasi kilichotajwa.

Kifungu cha 69 cha Katiba kinaitaka serikali kuhimiza wananchi kushiriki katika kulinda mazingira. Mtafiti akifika kwako, muulize: Nani amekutuma? Majibu yatatumiwa wapi? Matokeo yatasomwa lini barazani? Omba swali lielezwe kwa Kisomali au lugha unayoielewa vyema. Ukijibu sufuri, eleza sababu na uhakikishe imeandikwa: kukosa pesa si sawa na kutojali.