Mtumiaji Mmoja, Seva Moja: Jinsi ya Kuzuia Faharisi za Barua Pepe Kuharibika

Barua zilizokwisha kusomwa zinarudi kuwa mpya. Simu inapakua upya barua za miaka yote. Malalamiko ya aina hii yakimfikia msimamizi wa seva, kabla hajaulaumu mtandao akague kwanza faharisi za masanduku ya barua, hasa ikiwa seva zake kadhaa zinatumia hifadhi moja.

Tuchukue Dovecot, programu ambayo Timo Sirainen wa Finland aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2002. Kila sanduku lina mafaili yake ya faharisi: dovecot.index hushika hali ya kila barua, dovecot.index.log huandika mabadiliko yanapotokea, na dovecot.index.cache huweka vichwa vya barua ili orodha ifunguke haraka.

Chanzo cha tatizo

Seva ikiwa moja na diski yake, mambo huwa shwari. Taasisi ikikua, seva huongezwa, na zote husoma hifadhi ya pamoja kupitia NFS. Ili kupunguza safari za mtandaoni, NFS huiachia kila seva ikumbuke kwa muda ukubwa wa faili na saa lilipobadilishwa. Kwa mipangilio ya kawaida ya Linux, kumbukumbu hiyo hudumu sekunde 3 hadi 60.

Sasa mfanyakazi anafuta barua kwa simu, iliyounganishwa na seva ya kwanza. Kompyuta yake ya ofisini iko kwenye seva ya pili, ambayo bado inaamini kwamba dovecot.index.log ina ukubwa wa zamani. Nayo inaandika badiliko lake kwa kufuata hali iliyokwisha kupitwa. Punde logi za Dovecot zinaanza kuonyesha neno "Corrupted". Fahali wawili hawakai zizi moja.

Kinga kuu

Weka proksi mbele ya seva, impeleke kila mtumiaji kwenye seva ile ile, awe anatumia simu, kompyuta au kivinjari. Kugawa watu kwa anwani ya IP hakutoshi, kwa kuwa simu na kompyuta ya mtu mmoja mara nyingi huwa na anwani tofauti. Kigezo kiwe jina la mtumiaji.

Wengi husahau kwamba hata kupokea barua mpya huandika kwenye faharisi. Kwa hiyo LMTP, inayopokea barua hizo, nayo ipitie njia hiyo hiyo, pamoja na kazi za usiku za kusafisha masanduku.

Zamani kazi hii ya kugawa watumiaji ilifanywa na director, sehemu ya Dovecot, lakini iliondolewa katika toleo la 2.4 la mwaka 2025. Anayepanga kuhamia toleo hilo atayarishe mapema hifadhidata inayoiambia proksi kila mtumiaji ni wa seva ipi. Ukimhamisha mtu, kwanza kata miunganisho yake kwa doveadm kick, subiri kumbukumbu za NFS ziishe muda, ndipo umfungulie seva mpya.

Mipangilio ya kukagua

- Weka mmap_disable = yes na mail_fsync = always.
- Ikiwa bado huwezi kumfunga mtumiaji kwenye seva moja, washa mail_nfs_index na mail_nfs_storage. Zitapunguza madhara tu, na zitaipunguzia seva kasi.
- Unganisha NFS kwa chaguo la hard. Epuka soft, inayoweza kuharibu data kimyakimya mtandao ukisuasua, na nolock, ambayo hufanya kufuli za seva moja zisionekane na nyingine.
- Linganisha saa za seva zote kwa NTP.

Faharisi zikiharibika

Mara nyingi Dovecot hujirekebisha yenyewe. Ikishindwa, tumia doveadm force-resync -u jina '*'. Usifute dovecot-uidlist, maana programu za watumiaji zitapakua barua zote upya.

Jua pia aina ya hifadhi yako. Katika Maildir, alama za kusomwa na kujibiwa zimo kwenye jina la faili, hivyo faharisi hujengwa upya. Katika sdbox na mdbox, alama hizo zimo ndani ya faharisi peke yake. Ukizipoteza faharisi hizo, umepoteza data. Ziingie kwenye nakala rudufu pamoja na barua.

Kila wiki tafuta "Corrupted" kwenye logi. Jina moja likijirudia, endesha doveadm who katika kila seva. Likionekana kwenye seva mbili kwa wakati mmoja, rekebisha njia ya proksi kabla ya kugusa faharisi.