RAMOGI: BABU WA WOTE AU WA WENGINE?

Muhula uliopita, katika mjadala wa chama chetu, mwanachama mmoja alisimama akanguruma, "Sisi sote humu ndani ni wana wa Ramogi!" Makofi yakalia pwaa. Ndipo msichana mmoja ambaye kwao ni Mfangano akauliza kwa sauti ya chini, "Na sisi Wasuba je?" Kabla hajajibiwa kengele ikalia, na kwa vile shule yetu ni ya kutwa, kila mtu akashika njia ya nyumbani. Mimi swali hilo nililala nalo. Nyanya yangu, mzaa mama, ni Msuba.

Kwanza tumjue Ramogi mwenyewe. Wazee husimulia kwamba Ramogi Ajwang' aliwaongoza watu wake kutoka upande wa Uganda, akapiga kambi juu ya kilima huko Yimbo, katika kaunti ya Siaya ya leo. Kilima hicho ndicho Got Ramogi. Kipo hadi sasa pamoja na msitu wake, karibu na kinamasi cha Yala. Alichagua vizuri, kwani mtu aliye juu humwona adui akingali mbali. Baadaye wajukuu na vitukuu walitawanyika, na wengine wakavuka Ghuba ya Winam wakaja upande wetu wa Homa Bay na Migori. Jina lake halijafa. Tunalisikia redioni kila siku, na marehemu Achieng' Oneko, mmoja wa wale sita walioshtakiwa Kapenguria mwaka 1952, pia aliitwa Ramogi.

Wengi hudhani alikuwa mfalme. Hapana! Wajaluo wa Kenya hawakuwa na mfalme mmoja. Kila eneo, yaani piny, lilikuwa na ruoth wake. Ramogi anakumbukwa kama mtu aliyetangulia mbele ya safari, si kama mtu aliyekaa kwenye kiti cha dhahabu.

Sasa, je, aliishi kweli? Profesa Bethwell Ogot, aliyefariki mwaka 2025, alizunguka akiwahoji wazee, akaandika orodha za mababu wa koo mbalimbali na kuzilinganisha. Kitabu chake juu ya historia ya Wajaluo kilitoka mwaka 1967. Kwa hesabu ya vizazi alionyesha kwamba kundi la kwanza, Joka-Jok, lilifika Nyanza kuanzia mwisho wa karne ya 15 hivi.

Nami nikajaribu hesabu hiyo hiyo nyumbani. Babu yangu alinitajia majina kumi na mawili ya mababu, kisha akaruka moja kwa moja hadi kwa Ramogi. Nikamwuliza, "Kwaro, na hao wa katikati?" Akanijibu, "Hao walikuwepo tu." Haya, tuhesabu. Ukiweka miaka 25 hadi 30 kwa kizazi kimoja, majina kumi na mawili ni miaka 300 hadi 360. Lakini kutoka mwaka 1500 hadi leo ni zaidi ya miaka 500, yaani vizazi 17 hadi 20. Kwa hivyo kuna watu kama watano hadi wanane katika ukoo wetu ambao wamepotea kabisa, ilhali yule wa mbali zaidi anajulikana na kila mtoto. Jambo hili lilinishangaza sana.

Kumbe si sisi peke yetu. Wachina nao wana babu yao aitwaye Huangdi, na mpaka leo hujiita wana wa Yan na Huang. Mapokeo yao husema alianza kutawala mwaka 2697 K.K. Mkewe ndiye aliyegundua hariri, na mtumishi wake mmoja ndiye aliyebuni maandishi! Lakini mwanahistoria wao Sima Qian, aliyeanza kitabu chake na huyo Huangdi, aliandika karibu mwaka 100 K.K., miaka kama 2,600 baadaye. Ndipo mwaka 1923 msomi mmoja, Gu Jiegang, akasema jambo la kuudhi wengi: kadiri vitabu vya Wachina vilivyo vya karibuni, ndivyo wafalme wanaotajwa walivyo wa zamani zaidi. Maana yake, watu waliendelea kuwaongeza mababu nyuma.

Wala jambo hili halihitaji miaka elfu. Mtazameni Gor Mahia wa Kanyamwa, huku huku kwetu Ndhiwa. Huyu alikuwa mtu wa kweli, kiongozi na mganga, na Wazungu walimkuta hai. Hata hivyo eti alikuwa akijigeuza sura, sasa mzee, sasa kijana! Klabu ya mpira iliyopewa jina lake ilianzishwa mwaka 1968 tu.

Basi Ramogi ni uongo? Mimi sisemi hivyo. Safari yenyewe ni ya kweli, na shahidi wake ni lugha. Waacholi, Waalur na Wapadhola wa Uganda, hata Washiluk wa Sudan Kusini, husema lugha zilizo ndugu wa Dholuo. Wapadhola husimulia kuwa Adhola aliumia mguu akabaki, ndugu yake Owiny akaendelea na safari hadi kwetu. Na adhola kwa Kijaluo ni kidonda! Naona Ramogi alikuwa mtu, lakini jina lake limekuwa kama gunia ambamo viongozi wengi wametiwa pamoja.

Turudi kwa swali la yule msichana. Mababu wa Wasuba walikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda na Busoga, wakakaa Rusinga, Mfangano, Gwassi na Kaksingri. Lugha yao ilikuwa ya Kibantu, na polepole wengi wakaiacha wakashika Dholuo. Tom Mboya, aliyeuawa mwaka 1969 na kuzikwa Rusinga, alitoka kwa watu hao, ingawa wengi humhesabu mwana wa Ramogi. Kule Migori wako Wakuria pia, ambao babu yao ni Mokuria. Na zile kuta za mawe za Thimlich Ohinga, zilizoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018, zilikaliwa kwa zamu na watu wa lugha za Kibantu na za Kiniloti. Yule mwenzetu aliyenguruma alikosea hesabu.

Nilipomweleza nyanya haya yote, alicheka. Akasema, "Mimi niliolewa kwa watu wa Ramogi, nikazaa watu wa Ramogi. Lakini baba yangu hakuwa wa Ramogi." Kisha akaanza kunitajia mababu zake. Nimeyaandika majina katika daftari, ya babu upande wa kushoto na ya nyanya upande wa kulia. Upande wa kulia yamefika saba. Nyanya anasema dada yake aliye Mfangano anayajua yaliyobaki, hata la yule aliyeshuka mtumbwini. Likizo ya Agosti nitavuka nikamwulize.