Paka Ananyonyoka Manyoya Tena na Tena? Tibu na Nyumba Pia

Mtaani Magogoni, Pwani ya Kenya, paka hana mwenyewe mmoja. Mchana yuko barazani kwako, jioni yuko kwa jirani anayepaa samaki, usiku amejikunja mkekani pamoja na watoto. Akipata ugonjwa wa ngozi, mtaa mzima umeupata. Ndiyo maana malalamiko ni yale yale kila siku: tulimpaka dawa, akapona, mwezi haujaisha manyoya yakaanza kunyonyoka tena.

Usikimbilie dawa. Kwanza mtazame paka mchana, penye mwanga. Ukoko mzito wa kijivu unaoanzia kingo za masikio ukashuka usoni, naye anajikuna hadi damu, mara nyingi ni upele unaoletwa na utitiri. Mabaka ya mviringo yasiyo na manyoya, yenye magamba kama mba, huenda ni choa, ugonjwa wa kuvu. Kama amenyonyoka zaidi kiunoni na kwenye shina la mkia, mchane juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa. Vichembe vyeusi vikiacha doa jekundu, hicho ni kinyesi cha viroboto. Lakini dalili hizi huingiliana, kwa hiyo mwache daktari wa mifugo akwangue ngozi kidogo na kuitazama kwa hadubini.

Kinachomrudia paka mara nyingi kiko sakafuni na kwa paka wenzake.

Viroboto unaowaona mwilini ni sehemu ndogo tu. Mayai na mabuu yamo kwenye nyufa za saruji, mkekani na chini ya godoro, na kwa joto na unyevu wa Pwani kizazi kipya huweza kutoka ndani ya wiki tatu hivi. Mbegu za choa hudumu zaidi ya mwaka kwenye manyoya yaliyoanguka. Basi fagia kila siku, hasa pembeni na chini ya vitanda, fua leso na matandiko anayolalia, mikeka uianike juani. Paka wote wa nyumba watibiwe siku moja. Upele huhitaji dawa kurudiwa jinsi daktari atakavyopanga. Choa huchukua wiki 6 au zaidi, na kuacha dawa kwa sababu manyoya yameota ndilo kosa linaloturudisha nyuma kuliko yote.

Sasa la hatari. Usimwogeshe paka kwa dawa ya kupe ya ng'ombe. Usimpake dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini, wala mafuta ya taa, oili chafu au Dettol. Ini la paka halimudu kuvunja nyingi ya sumu hizi, na yeye hujilamba mwili mzima. Akianza kutetemeka, kutokwa na mate au kupata degedege, mwoshe haraka kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, usimtapishe, mkimbize kwa daktari ukiwa umebeba chupa ya dawa uliyotumia. Daktari mwenyewe awe amesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya. Una haki ya kumuuliza.

Zungumza na majirani mnaoshiriki paka, ili mtibu wote katika wiki ile ile. Na mtoto naye akiambukizwa, akatokwa na mabaka kichwani, mpeleke hospitali mapema: choa la kichwani haliponi kwa mafuta ya kupaka peke yake, huhitaji dawa ya kumeza.