Meno ya Mashine ya Chai

Mkulima wa Kebirigo au Kiamokama akisha kupimiwa majani yake ya chai kituoni, hurudi shambani. Toka hapo mapato yake humtegemea mtu asiyemwona, naye ni injinia wa kiwanda. Viwanda kama Sanganyi, Nyankoba na Nyamache ni mali ya wakulima wadogo wenyewe, chini ya usimamizi wa K.T.D.A. iliyoanzishwa mwaka 1964. Kwa hiyo hasara ya mashine ni hasara yao.

Majani yakisha kunyauka hupitishwa kati ya rola mbili za chuma zenye meno madogo. Mashine hiyo, C.T.C., maana yake kuponda, kurarua na kukunja, ilibuniwa na William McKercher huko Assam, Bara Hindi, katika miaka ya 1930. Rola moja huzunguka polepole, kama mara 70 kwa dakika. Mwenziwe huzunguka mara 700. Ya polepole hushika jani, ya haraka hulirarua.

Huenda mtu akauliza, jani laini litalaje chuma? Lakini mchanga na vijiti huingia pamoja na majani, na meno huwa butu. Meno butu hayakati, husaga tu. Jani hupata joto kabla ya wakati wake, na chai hupoteza ukali na mng'aro. Wanunuzi wa mnada wa Mombasa huitambua mara waionjapo. Bei ikishuka, bonasi ya mkulima hupungua.

Basi injinia huandika daftarini saa ambazo kila jozi imefanya kazi, na wakati ufikapo huipeleka karakana. Huko rola hufungwa katika mashine ya kukereza, meno yaliyochakaa huondolewa, na mifereji ya aina mbili hukatwa upya: ya kuzunguka rola, na ya mshazari toka mwisho hata mwisho. Ipishanapo, meno hupatikana, 8 au 10 katika kila inchi.

Kazi ngumu ni kipimo. Rola za jozi moja yapasa ziwe na unene ulio sawasawa kabisa, nazo zisigusane kamwe zikizunguka. Tena kila kunolewa huzipunguza. Rola si chuma kimoja, bali ni pingili za chuma kisichoshika kutu zilizopangwa juu ya mhimili. Zikikonda mno hununuliwa nyingine, kwa fedha nyingi. Injinia akinoa mapema, humaliza chuma bure. Akichelewa, huharibu majani ya siku nyingi.

Kabla ya rola huwekwa sumaku ya kukamata misumari. Jiwe halikamatwi na sumaku, na jiwe moja katika gunia lililofungwa Nyansiongo laweza kuvunja safu nzima ya meno.