SOMO LA ROBO HII: Uvimbe wa Maji Kwenye Ovari na Wajibu wa Usharika

Ndugu wanakamati na wafadhili wetu, katika somo hili tunaangalia jambo ambalo akina mama wengi hulinyamazia: kuambiwa una uvimbe kwenye ovari, na huenda ukapasuliwa.

Ovari ni vifuko viwili vya mayai, kimoja kila upande wa mfuko wa uzazi. Kila mwezi kijifuko chenye maji hukua humo ili kukomaza yai. Pengine kijifuko hicho hakipasuki, kikazidi kujaa maji. Kwa mwanamke anayeendelea kupata hedhi, uvimbe wa namna hii kwa kawaida si saratani, na mara nyingi huisha wenyewe katika miezi 2 hadi 3. Hivyo daktari akisema, "Rudi tupime tena kwa ultrasaundi," hajamfukuza mgonjwa. Kusubiri na kupima tena ni sehemu ya matibabu.

Upasuaji hufikiriwa uvimbe ukiwa mkubwa, usipopungua, ukiuma, ukionekana una vitu vigumu ndani, au mama akiwa ameshakoma hedhi. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja chini ya kitovu, pamoja na kutapika, ni dharura. Huenda ovari imejisokota. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kabla ya kukubali upasuaji, mama ana haki ya kuuliza:

1. Uvimbe ni wa aina gani, na una ukubwa gani?
2. Je, naweza kusubiri?
3. Mtaondoa uvimbe peke yake, au pamoja na ovari?

Hofu kubwa ni ugumba. Tufundishe wazi kwamba aliyebakiwa na ovari moja nzima bado anaweza kushika mimba.

Sasa tuje Ndungu. Hapa familia nyingi huishi kwa mpunga wa skimu ya umwagiliaji. Mama akipewa rufaa ya KCMC, ni safari ya kupitia Same hadi Moshi, na kipimo cha kurudia ni nauli nyingine. Akifunguliwa tumbo, hatakiwi kunyanyua vitu vizito kwa wiki 6 hivi: si ndoo, si gunia, wala jembe. Mara nyingi sisi tunaochangia hufikiria gharama za hospitali tu. Lakini mama asiye na wa kumpalilia ataahirisha upasuaji, au atashika jembe kabla kidonda hakijapona.

Kwa hiyo kamati ikae naye kabla ya tarehe ya upasuaji, na ugonjwa wake usitangazwe ibadani bila ridhaa yake.

Maswali ya kujadili

1. Nani atamsindikiza mgonjwa, na nauli itatoka wapi?
2. Nani atachota maji na kupalilia kwa wiki 6?
3. Akina baba wa usharika wetu wamefundishwa haya?