Kondoo wa Sufu, Kondoo wa Nyama: Tufuge Aina Ipi Muyama?

Ndugu mfugaji, swali linaloulizwa mara kwa mara ni hili: je, tuwaache kondoo wetu wa kienyeji na kuleta wale wakubwa wa kisasa? Wengine huongeza la pili: mbona sisi hatuuzi sufu, ilhali vilima vyetu vina baridi? Tuanze na hilo la pili, kwani jibu lake ni fupi.

Kondoo wa Waha, intama, hana sufu. Ana nywele fupi, pamoja na mkia wenye mafuta ambayo ni akiba yake wakati wa kiangazi. Sufu hutoka kwa aina kama Merino, yenye asili ya Hispania, na Corriedale, iliyopatikana New Zealand kwa kupandisha Merino na Lincoln. Kwa majirani zetu Kenya, Corriedale hufugwa nyanda za baridi kama Molo, na hata huko sifa kubwa ya Molo ni nyama. Kondoo wa sufu hukatwa manyoya kila mwaka kwa mikasi maalumu, kisha apatikane mnunuzi wa kuyakusanya. Bila mnunuzi huyo, manyoya mazito yanayolowa mvua tangu Novemba hadi Aprili ni mzigo kwa mnyama na kwa mwenye mnyama.

Kwa hiyo jambo letu ni nyama, na hapa jina linalotajwa sana ni Dorper: mwili mweupe, kichwa cheusi. Aina hii ilitengenezwa Afrika Kusini katika miaka ya 1930 kwa kupandisha Dorset Horn na Persian mwenye kichwa cheusi. Hata jina lake ni vipande vya majina hayo mawili. Ana misuli, na mwanakondoo aliyelishwa vizuri anaweza kufikia kilo 36 akiwa na miezi mitatu hadi minne. Hakuna ubishi kwamba anavutia sokoni.

Lakini alitengenezwa kwa ajili ya nchi kame. Katika miaka ya 1990 watafiti walifuga Dorper pamoja na Kondoo Mwekundu wa Kimasai huko Diani, pwani ya Kenya, penye mvua na unyevu. Wana wa Dorper walikufa kwa wingi zaidi, na minyoo inayofyonza damu tumboni ilikuwa sababu kubwa. Kondoo Mwekundu, mdogo kwa umbo, aliihimili minyoo hiyo, na kundi lake likatoa mazao mengi zaidi. Katika maeneo makavu tofauti hiyo ilipungua sana. Muyama si nchi kame. Majani mabichi yenye umande ndiyo makao ya viluwiluwi vya minyoo hiyo.

Chotara huwa katikati: hukua upesi kuliko mama yake, ila kinga yake hupungua. Kosa ni kuendelea kumpandisha chotara kwa dume la Dorper kizazi baada ya kizazi. Wamasai wa Kenya walifanya hivyo tangu katikati ya miaka ya 1970, na leo Kondoo Mwekundu halisi ni wa kutafutwa. Mbegu ikishapotea hainunuliwi dukani.

Kwa maoni yetu, mfugaji mwenye kondoo watano au kumi aanze na dume bora la kienyeji kutoka kundi lisilo la ndugu zake. Wengi wetu huchinja au huuza dume lililonona kuliko yote, kisha dhaifu ndilo linalobaki kupanda. Hilo pekee hudumaza kundi kuliko ukosefu wa Dorper. Dume libadilishwe kabla halijawapanda binti zake. Kondoo jike hubeba mimba kwa takriban miezi mitano, hivyo muda huo hufika upesi.

Anayeamua kuleta Dorper azingatie kibali cha kusafirisha mifugo, pamoja na chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa uliothibitishwa nchini mwaka 2008. Akifika nyumbani atengwe kwanza. Wakati wa mvua, fungua kope ya chini ya kila kondoo mara kwa mara: wekundu ni afya, weupe ni dalili ya kupungukiwa damu. Ukiona weupe, au uvimbe laini chini ya taya, mwite afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo.